Sauti Ije Papo Hapo: Kuchagua Mfumo wa Sauti wa Kompyuta ya Mkononi ya Linux

Mhadhara kwa walimu, mafundi na wazazi wa Magoma

 

Nimeombwa nizungumzie kompyuta ndogo ya kushika mkononi inayoendeshwa na Linux, na namna ya kuichagulia mfumo wa sauti. Najua wapo waliokuja wakidhani jambo hili ni la mafundi, nao wamekuja kwa heshima tu. Nawaomba wasogee mbele. Kifaa kikifika mikononi mwa mtoto asiyejua kusoma, maandishi yote yaliyo kwenye kioo kwake ni mistari mitupu. Kinachomwongoza ni sauti. Ikichelewa, ikikatika-katika au ikitoka imepasuka, hana kingine cha kumwonyesha njia, ataweka kifaa chini aende zake. Kwa hiyo ninalolitetea leo ni hili: mfumo wa sauti uchaguliwe mwanzo kabisa, na tuanze kwenye sikio la msikilizaji ndipo tuteremke hadi kwenye chipu. Wengi wetu tunaanzia mwisho mwingine. Tunanunua bodi, tunatafuta kioo, tunapima betri, kisha siku ya kufunga kasha ndipo tunaulizana spika itakaa wapi.

Mkoa wetu wa Tanga una ushahidi ambao sehemu nyingi za dunia hazina. Kuanzia Desemba 2017 hadi Machi 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi vya mkoa huu walipewa vishikwambi vya Pixel C, vilivyotolewa na Google, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana kuliendesha huku vijijini. Mtoto alitakiwa ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili akiwa na kishikwambi na wenzake tu, bila mwalimu. Umeme ulitoka kwenye mitambo ya jua, na akina mama wa kijiji ndio waliosimamia chaji. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019, huko Los Angeles, washindi wawili walitangazwa kwa pamoja: Kitkit School ya kampuni ya Enuma, na onebillion ya Uingereza.

Habari hii husimuliwa sana kuwa ni habari ya vioo, picha na michezo. Mimi naisoma kuwa ni habari ya sauti. Tuseme mtoto wa miaka minane anakiwasha kifaa kwa mara ya kwanza, chini ya mwembe. Hakuna wa kumwambia bonyeza hapa. Sauti inamwambia aguse herufi fulani, anaigusa, sauti inamjibu. Akikosea, sauti inamrudisha. Kugusa na kujibiwa, basi, hilo ndilo darasa zima. Wazee waliomo humu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya karibu watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Redio ilifundisha kwa sauti na ikafundisha vizuri, lakini haikuweza kumsubiri msikilizaji wala kumjibu. Kifaa cha mkononi kinaweza, ndiyo maana kuchelewa kwa sauti, ambako kwenye redio hakukuwa na maana yoyote, hapa kunageuka kuwa jambo la kwanza.

Na msidhani vifaa hivi viko mbali. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya sensa serikali ikavigawa kwa walimu wa shule za umma. Kishikwambi cha Android kina kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ndani yake. Kwa hiyo mwalimu aliyekaa pale mstari wa tatu, na kishikwambi chake mkobani, tayari ni mtumiaji wa kompyuta ya mkononi ya Linux. Tofauti yake na kijana fundi aliyekaa karibu naye, mwenye bodi ya Raspberry Pi na spika ya kuchomelea, ni kwamba mwalimu amechaguliwa mfumo wa sauti na kiwanda, na kijana itabidi achague mwenyewe.

Nieleze kwa ufupi yaliyomo humo ndani. Chini kabisa, juu ya chipu, kuna ALSA, iliyoanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998 na kuingia kwenye kerneli ya Linux 2.6 iliyotolewa mwishoni mwa 2003. Karibu kila Linux ya leo yenye sauti inapita hapo, hata Android. ALSA inajua kuongea na chipu. Shida yake ni kwamba programu ikifungua chipu moja kwa moja, mara nyingi inaishika peke yake, na nyingine zote zinabaki nje. Ndipo zikaja seva za sauti, yaani programu zinazokaa katikati, zinapokea sauti kutoka programu nyingi na kuzichanganya. PulseAudio ya Lennart Poettering ilianza 2004 na kufanywa chaguo la kawaida katika Fedora 8, mojawapo ya matoleo ya Linux, mwaka 2007. Simu mbili za Linux zilizosifika mwaka 2009, Nokia N900 na Palm Pre, zote ziliitumia. Kwa upande wa wanamuziki kulikuwa na JACK ya Paul Davis, yenye kasi kubwa lakini yenye masharti mengi. Halafu Wim Taymans wa Red Hat akaanza PipeWire, ambayo inafanya kazi ya zote mbili. Fedora 34 ikaipokea mwaka 2021, kompyuta ya michezo ya mkononi, Steam Deck, ikatoka nayo mwaka 2022, na toleo lake la 1.0 likatolewa Novemba 2023. Android ina seva yake yenyewe, AudioFlinger.

Hayo ni majina, na majina hayamsaidii mtu kuchagua. Kinachosaidia ni kuuliza maswali mawili ambayo kila mmoja wenu anaweza kuyajibu bila kuijua Linux. La kwanza: kwenye kifaa hiki, ni sauti ngapi zitatoka kwa wakati mmoja, na kutoka programu ngapi? La pili: mtoto akigusa, anaweza kusubiri muda gani kabla hajadhani kifaa kimeganda?

Hilo la pili ndilo gumu, na hapo nitakaa kidogo.

Sauti ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba, ziitwazo sampuli. Kwa kawaida chipu ya sauti inachukua namba 48,000 kwa sekunde. Prosesa haiwezi kuikabidhi namba mojamoja, kwa hiyo inaziweka kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo sauti husubiri zamu yake. Mnaochota maji mnalijua jambo hili: mwenye pipa kubwa anajaza mara moja na kupumzika nusu siku, mwenye ndoo ndogo anakwenda kisimani kila baada ya muda mfupi. Bafa ikiwa kubwa, prosesa inalala muda mrefu na betri inadumu. Ila sauti mpya inayoingia lazima ingoje yote iliyotangulia iishe. Bafa ya namba 1,024 ni kama milisekunde 21. Ziwe mbili, kama kawaida, ni milisekunde 43. Bafa ya sekunde mbili nzima ni nzuri sana kwa betri na kwa muziki, lakini mtoto akigusa herufi atakaa sekunde mbili akikitazama kioo, na kabla hazijaisha atakuwa amegusa tena mara tatu. Hapo sauti tatu zinatoka zimefuatana, na hakuna anayejua ipi inajibu kipi.

PulseAudio ilijaribu kupata yote mawili. Mwaka 2008 ilileta ufundi wa kujaza bafa kubwa, kisha, sauti mpya ikija, kurudi nyuma na kuandika upya ile sehemu ambayo bado haijachezwa. Ni ufundi mzuri na mimi nauheshimu. Lakini unategemea draiva, yaani programu inayoendesha chipu, iseme ukweli kuhusu mahali sauti ilipofikia, na draiva nyingi za vifaa vya bei nafuu hazikusema ukweli. Sauti ikakwaruza, watu wakailaani PulseAudio kwa kosa la draiva. PipeWire imeacha njia hiyo. Yenyewe inatazama programu yenye haraka kuliko zote zilizofunguliwa, inaweka ukubwa wa bafa kwa kufuata hiyo, na programu hiyo ikifungwa bafa inaongezeka tena. Kwa kifaa cha mtoto hii ni bora. Wakati wa zoezi la herufi bafa inakuwa ndogo. Wakati wa kusikiliza hadithi ya dakika kumi, prosesa inapata kulala.

Kwa jumla, jibu likija chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi kidole na sauti ni tendo moja. Hiyo ndiyo shabaha yangu: milisekunde 100, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye sikio. Nasema hadi kwenye sikio makusudi, kwa sababu bafa ni sehemu moja tu ya safari. Kioo kinachukua muda kuutambua mguso. Programu ikianza kulitafuta faili la sauti kwenye memori kadi na kulifumua wakati ule ule, muda unaongezeka. Na ukiunganisha spika ya Bluetooth, ile spika peke yake mara nyingi inazidi milisekunde 100, nyingine zinafika 200 na zaidi. Nawasihi sana: spika ya Bluetooth ni nzuri kwa kwaya na kaswida, lakini msiiweke kwenye somo la kugusa na kujibiwa. Tumieni waya.

Kupima si kazi ngumu wala hakuhitaji maabara. Wekeni kifaa mezani mahali pa kimya, karibu yake wekeni simu nyingine inayorekodi. Gongeni kitufe kwenye kioo kwa ukucha. Simu itanasa mlio wa ukucha, kisha mlio wa spika. Hamisheni rekodi hiyo kwenye kompyuta, ifungueni kwa Audacity, ambayo ni ya bure, na mtaviona vilima viwili vya sauti. Nafasi iliyo kati yake ndiyo ucheleweshaji wote, kuanzia kioo, programu, seva, bafa hadi spika. Isomeni kwa milisekunde. Rudieni mara kadhaa, kwa sababu namba hubadilika, na iliyo kubwa kuliko zote ndiyo atakayokutana nayo mtoto siku mbaya. Muuzaji akikuambia kifaa chake ni cha haraka, gonga ukucha mbele yake.

Kuna kasoro nyingine ambayo mafundi wengi hawaitafuti kwa sababu wao wanajaribu kifaa kwa haraka, kitu baada ya kitu. PulseAudio na PipeWire zote, kama hakuna sauti kwa sekunde tano hivi, huizimisha njia ya sauti ili kuokoa chaji. Ni jambo jema. Sasa mtoto anaulizwa swali, anafikiri, anahesabu vidole, sekunde nane zinapita. Anagusa. Njia ya sauti inaamshwa, amplifaya inachukua muda kuwaka, na katika muda huo mwanzo wa neno umeshapita. Programu imesema "baba", spika imetoa "aba". Kwa mtu mzima si kitu, ubongo wake unajaza. Kwa mtoto anayefundishwa herufi b, kilichomezwa ndicho hasa alichokuja kujifunza. Fundi anasema kifaa ni kizima, mwalimu anasema watoto hawashiki, na wote wawili wana ushahidi.

Dawa zake ni mbili. Unaweza kuanza kila rekodi kwa kimya kifupi, lakini kimya hicho unakilipia kwa ucheleweshaji kila mara, hata pale amplifaya ilipokuwa macho. Au unaingia kwenye mipangilio ya WirePlumber, msimamizi wa PipeWire, na kuongeza muda wa kusubiri kabla ya kuzima, kutoka sekunde tano hadi dakika moja au mbili. Itakula chaji kidogo. Mimi nachagua hiyo ya pili bila kusita, na chaji hiyo nitaitafuta kwingine, kwa kupunguza mwanga wa kioo kwa mfano, kwani kioo ndicho mlaji mkubwa.

Nije kwenye spika yenyewe. Hapa Magoma tuko kwenye bonde la Lwengera, Usambara Magharibi upande huu na Usambara Mashariki upande ule, na mvua ya masika inapopiga mabati ya darasa mwalimu mwenyewe hukata tamaa ya kusikika. Spika ndogo iliyotosha kabisa dukani Korogwe, humo darasani haitoshi. Wengi hukimbilia kuongeza nguvu. Kabla ya hapo, angalieni kasha. Spika iliyofungwa bila kisanduku nyuma yake inatoa sauti mbele na nyuma, na hizo mbili zinafutana, hasa zile nzito. Kisanduku kidogo cha plastiki kilichozibwa vizuri kinaongeza zaidi ya mnavyotarajia, bila gharama ya chaji.

Pia, spika ya upana wa vidole viwili haiwezi kutoa besi, hata ukiilazimisha. Ukiipelekea besi inatikisika bure, inapasua sauti na mwisho inaungua. Kata besi ndani ya programu kabla haijafika. PipeWire ina mahali maalumu pa kuweka vichujio vya namna hiyo, na kazi hiyo inafanyika mara moja kwa programu zote. Msiogope kwamba sauti ya mwanamume itapotea. Sikio la binadamu hujenga upya sauti nzito iliyokosekana kwa kutumia zile zilizo juu yake. Hata Kisambaa, ambacho kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi katika maneno yake, kinasikika sawasawa kwenye spika ndogo kama hiyo, mradi tu haipasuki.

Kinachopotea kweli ni upande wa juu. Chukueni "samani" na "thamani", "saba" na "shaba", "saa" na "faa". Kinachotenganisha maneno hayo kimo kwenye mlio wa hewa, na sehemu kubwa ya mlio huo iko juu ya kilohezi 4. Simu ya zamani, iliyochukua sampuli 8,000 kwa sekunde, haikuweza kubeba chochote kilicho juu ya kilohezi 4, ndiyo maana mtu akikutajia jina kwa simu mnaulizana mara mbili. Sauti za kufundishia zirekodiwe kwa sampuli zisizopungua 16,000. Na kwa nini 16,000 au 48,000, na si 44,100 ya sidii za muziki? Kwa sababu chipu nyingi ndogo zinakwenda kwa 48,000. Namba 16,000 inaingia humo mara tatu kamili. Ile 44,100 haiingii kamili, na prosesa inafanya kazi ya ziada ya kubadilisha siku nzima.

Nafasi ya kuhifadhi isiwatishe. Sauti ghafi ya sampuli 16,000, mkondo mmoja, ni chini kidogo ya megabaiti 2 kwa dakika. Ukiifinya kwa Opus, kiwango huria cha mwaka 2012, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, saa nzima ya Kiswahili kizuri ni megabaiti 11 hivi. Ila herufi, silabi na maneno mafupi ya kujibia mguso msiyafinye. Yaacheni ghafi na yapakieni kwenye kumbukumbu wakati programu inafunguka, ili kidole kikigusa pasiwe na kitu cha kutafuta wala kufumua.

Na maiki? RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mmoja wa washindani watano waliofika fainali ya lile shindano, ilimsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti na kujaribu kutambua alichosoma. Mkitaka kufika huko, uchaguzi unabadilika, kwa sababu sasa spika inaongea na maiki inasikiliza kwa wakati mmoja, na maiki inaisikia spika. Lazima mwangwi huo uondolewe, na kwa hilo mnahitaji seva ya sauti yenye uwezo huo ndani yake. PulseAudio na PipeWire zote zinao. ALSA peke yake haina. Kama maiki haipo kwenye mpango wenu wa mwaka huu wala ujao, msilipie ugumu huo.

Sasa niseme ninachopendekeza, kwa hali tulizo nazo.

Mwalimu mwenye kishikwambi cha Android, usihangaike na mfumo. Huwezi kuubadilisha bila kuharibu mengine. Kilicho mkononi mwako ni programu. Chagua inayofanya kazi bila intaneti, zima vionjo vya sauti alivyoviweka mtengenezaji kwenye mipangilio, gonga ukucha upime. Kanuni za XPRIZE zilitaka kazi za walioingia fainali ziachwe wazi kwa yeyote kuzitumia na kuziboresha, pamoja na rekodi zake za Kiswahili. Ni hazina iliyojaribiwa kwenye mkoa huu huu, na nasikitika kila nikikuta shule inalipia programu dhaifu kuliko hizo.

Kijana anayetengeneza kifaa cha kazi moja, tuseme kisanduku cha kusomea herufi chenye programu moja tu, kwa bodi ndogo ya megabaiti 512 za kumbukumbu, atumie ALSA moja kwa moja. Programu ni moja, hakuna wa kugombania chipu, na kila kilichoondolewa katikati ni kitu ambacho hakitaharibika. Angalieni tu kwamba Raspberry Pi Zero 2 W haina tundu la hedifoni. Itawabidi mwongeze chipu ya nje. MAX98357A ni mfano mzuri, inapokea namba moja kwa moja kutoka kwenye bodi na kuendesha spika ya omu 4 kwa wati 3 hivi. Kwa darasa lenye mabati, wati 3 katika kisanduku kilichozibwa zinatosha kikundi cha watoto sita au saba waliokaa karibu. Kwa darasa la watoto sitini hazitoshi, na wala msijaribu hivyo.

Kifaa kamili cha Linux, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au zaidi, kitakachotumiwa asubuhi na watoto, jioni na vijana, chenye hadithi, hedifoni za kuchomeka na kuchomoa na pengine maiki, kipewe PipeWire. Nimesikia hoja kwamba ni changa. Ilikuwa changa mwaka 2018. Kama mna vifaa vya zamani vinavyokwenda na PulseAudio na watoto wanasikia, viacheni vilivyo. JACK waachieni wenye studio.

Limebaki suala la masikio. Watoto watatu wakishindana kwa sauti, kila mmoja anapandisha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, katika kiwango chao cha mwaka 2019 kuhusu usikilizaji salama, waliweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa watoto. Kwenye Linux tunaweza kulinda hilo kwa uhakika kuliko kwa kukemea. Katika mipangilio ya PipeWire, iambieni isiguse kidhibiti cha sauti cha chipu yenyewe, ipandishe na kushusha kwa hesabu zake tu, na isivuke asilimia 100. Kisha shukeni kwenye ALSA, tegeni kidhibiti cha chipu mahali ambapo hedifoni mlizonunua hazizidi kiwango hicho, na mkihifadhi. Mtoto atapandisha hadi mwisho, na mwisho huo mtakuwa mmeupanga ninyi. Mkibadilisha aina ya hedifoni, pimeni upya, maana zinatofautiana sana.

Msinunue vifaa vya shule nzima kwa mara moja. Nunueni kimoja, mkipeleke darasani masika hii, siku ya mvua, mkimpe mtoto ambaye hajawahi kukishika. Msimwelekeze. Kaeni pembeni na mhesabu mara ngapi anagusa kitu kimoja mara mbili. Akigusa mara mbili kila wakati, sauti inachelewa; rudini kwenye bafa. Akilisogeza sikio lake kwenye kasha, tatizo ni spika au kisanduku chake. Akitamka neno lisilo na herufi ya kwanza, amplifaya inalala mapema mno. Yarekebisheni hayo kwenye kifaa hicho kimoja kwanza, mkiandika kila mlichobadilisha, kisha nakilini memori kadi yake kwa vile vingine vyote.